Matende ya Upasuaji

Mtaani kwetu Likoni, mkono wa mamangu uliitwa matende kabla haujapata jina lingine lolote. Aliyeanza ni mteja aliyekuja kuchukua dera lake. Aliutazama mkono wa kushoto uliokuwa umelazwa juu ya meza ya cherehani, akautazama tena, kisha akauliza kwa sauti ya kusikika hadi barazani: "Shoga, hayo si matende hayo?" Kufikia magharibi habari ilikuwa imefika kwa muuza maji, kwa mama wa viazi karai na kwa vijana wa bodaboda pale kituoni. Saratani imemwacha, matende yamemshika.

Nyumbani hatukuwa na la kujibu, maana jina la kitu chenyewe hata sisi hatukulijua. Mamangu alikatwa titi la kushoto Machi 2021. Kabla ya hapo alikuwa amepitia kemo, na baadaye akaenda Nairobi kupigwa mionzi, wiki tano nzima akilala kwa binamu yangu Kayole. Aliporudi tulichinja kuku. Kilichobaki, tuliambiwa, ni kidonge kimoja kila siku na kliniki kila baada ya miezi mitatu, basi. Mwaka mmoja na nusu ukapita. Mama akarudi kwenye cherehani, akanenepa kidogo, akaanza hata kugombana na wenye nyumba, na hiyo kwake ni dalili ya afya.

Mimi nilikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu alipougua. Sikumaliza. Sitaki kulilia sana hilo hapa: chuo kilidai karo, hospitali ilidai pesa, na kati ya wadai hao wawili mmoja ndiye aliyekuwa ameshika roho ya mamangu. Tangu hapo naishi kwa kuandika makala za mtandaoni, malipo kwa neno, kwa wateja nisiowahi kuwaona. Nimeandika kuhusu bima ya magari Kanada. Nimeandika kuhusu magoti ya mbwa wazee, namna ya kuyakanda na chakula cha kuwapa. Mbwa wa Ulaya ana maelezo mengi ya viungo vyake kuliko mwanamke aliyetoka kukatwa titi Mombasa, na nasema hivyo kwa uhakika kwa sababu maelezo ya mbwa niliyaandika mimi.

Mkono haukuvimba siku moja. Ulianza na bangili. Mama alikuwa na bangili ya dhahabu ya harusi yake, ambayo aliivua siku ya upasuaji tu, akaivaa tena alipotoka. Oktoba 2022 alianza kuipaka sabuni ili isogee. Akasema ni joto. Kisha akasema ni chumvi. Usiku akawa analalamika kwamba mkono ni mzito. Hauumi, ni mzito tu, kama mtu amembebesha ndoo akasahau kuja kuichukua. Ukiubonyeza kwa kidole gumba, pale ulipobonyeza palibaki shimo, nalo likajaa polepole. Mwisho tukaenda Mji wa Kale kwa sonara, akaikata bangili kwa msumeno mwembamba kama uzi, Mama akiwa ameangalia pembeni.

Siku zile hatukuwaza matende. Tuliwaza neno ambalo nyumbani kwetu halitajwi: imerudi. Na hofu hiyo si ya kijinga. Mkono ukivimba baada ya saratani, daktari makini hukagua kwanza kama ugonjwa umerudi kwapani, na kama kuna damu iliyoganda kwenye mshipa. Mama akapigwa altrasaundi. Hakukuwa na hili wala lile. Tulifurahi hadi tukasahau kuuliza swali, tukawa tunatoka mlangoni na mkono ule ule uliovimba, ndipo daktari akasema huku akiandika, "Hiyo ni limfedema. Hutokea."

Hutokea. Neno hilo nililibeba kwenye feri nikarudi nalo nyumbani, na usiku huo badala ya kuandika kazi ya mteja nikakaa kusoma.

Damu ikizunguka mwilini, maji yake huvuja kidogo kidogo kwenye mishipa ile midogo kabisa na kuingia katika nyama. Huo si ugonjwa, ndivyo nyama inavyolishwa. Kisha kuna mfumo wa pili wa mishipa, ambao kazi yake ni kuyaokota maji yaliyobaki nje, pamoja na protini na takataka nyingine, na kuyarudisha kwenye damu karibu na shingo. Maji hayo ndiyo limfu. Vitabu vya tiba hutaja takriban lita 3 kwa siku. Mfumo huu hauna moyo wake wa kusukuma. Una vali za njia moja, mikazo midogo ya mishipa yenyewe, na msaada wa misuli: ukikunja ngumi, ukitembea, ukivuta pumzi ndefu, limfu inasogea. Njiani kuna tezi zinazonasa vijidudu. Kama umewahi kupata kidonda mguuni ukaota mtoki kinenani, uliikuta tezi kazini.

Kwapani mwa mtu mna tezi kama 20 hadi 30. Limfu ya titi na ya mkono karibu yote hupita hapo. Saratani ya titi ikitaka kusafiri hutumia njia hiyo hiyo, ndiyo maana mpasuaji huzitoa tezi, ili azipime na ili auzuie ugonjwa. Mamangu alitolewa 14, na 5 kati yake zilikuwa na saratani. Nilizisoma kwenye ripoti ya maabara iliyokuwa imekunjwa ndani ya kitabu chake cha vipimo vya wateja. Mionzi nayo huacha makovu pale inapopita. Aliyeishi Mombasa ataelewa bila mchoro: mvua ya Mei inanyesha, mtaro umejengewa kibanda juu yake. Maji hayana kosa. Ni yale yale ya kila mwaka, ila yamekosa pa kupita.

Tena maji haya hayakai bure. Yana protini, na protini ikikaa, nyama huanza kuota nyuzi na mafuta, ngozi inakuwa ngumu, na uvimbe uliokuwa unabonyea unafika siku haubonyei tena. Kwa hiyo kuwahi ni jambo kubwa. Mwaka 2013 jarida la Lancet Oncology lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi, ukaonyesha kwamba karibu mwanamke 1 kati ya 5 wanaopona saratani ya titi hupata uvimbe huu. Waliosafishwa kwapa walikuwa kama 20 kati ya 100. Waliotolewa tezi chache tu, zile za mbele zinazopokea limfu ya titi kabla ya wenzake, walikuwa chini ya 6 kati ya 100. Lakini njia hiyo ya tezi chache inamfaa mtu ambaye ugonjwa haujaingia kwapani, na wanawake wengi wa kwetu hufika hospitali ukiwa umeshaingia. Kwa wengi uvimbe hutokea ndani ya miaka miwili mitatu ya kwanza. Unaweza pia kuja miaka mingi baadaye, mtu amesahau hata rangi ya kuta za wodi.

Baada ya kusoma hayo niliitafuta karatasi aliyopewa Mama siku ya kuruhusiwa. Ina tarehe ya kurudi, majina ya dawa, muhuri wa bluu. Kuhusu mkono hakuna hata mstari. Silaumu upasuaji wenyewe. Mama mwenyewe husema bora mkono mnene na mwenye mkono yupo. Ninacholalamikia ni mstari ule mmoja. Ungegharimu wino kiasi gani?

Kwa kuwa hospitali haikusema, mtaa ulisema. Duka la dawa lilitoa vidonge vya kukojoza, Mama akavimeza wiki mbili, akapata kiu na kizunguzungu, mkono ukabaki vile vile. Baadaye nilielewa sababu: vidonge hivyo hutoa maji lakini protini inabaki, nayo inayavuta maji tena. Shangazi alileta mkandaji mwenye mafuta ya simsim na vidole kama koleo, Mama akalia. Shangazi huyo huyo akapendekeza hijama, tena akamleta bibi wa hijama hadi mlangoni, na hapo Mama akakataa katakata. "Mkono huu haukatwi tena," alisema. Hakujua kitabuni kumeandikwaje, lakini alikuwa sahihi kabisa, kwani kila mchanjo kwenye mkono wa namna ile ni mlango wa vijidudu. Kombe alikunywa, nalo halikumdhuru.

Na wateja wakapungua. Wanawake wawili walikuja kuchukua vitambaa vyao vikiwa havijakatwa. Hawakusema sababu, walisema harusi imeahirishwa. Watu wa Pwani tunayajua matende tangu enzi za mababu, lakini kuna wanaodhani yanaambukiza kwa kugusana, na kitambaa kinachoshonwa kinaguswa sana.

Februari 2023 Mama alijichoma sindano kidoleni akipinda buibui. Jambo la kila siku kwa fundi. Usiku wa pili yake alianza kutetemeka, meno yakigongana, mkono umekuwa mwekundu na wa moto kama umetolewa jikoni. Kwenye zahanati ya kwanza walimpima malaria, hakuna malaria, wakampa dawa ya maumivu na kumrudisha nyumbani. Kufika alfajiri wekundu ulikuwa umepanda hadi juu ya kiwiko. Kwingine tulikokwenda, daktari kijana aliutazama mkono, akauliza swali moja tu, "Uliwahi kukatwa titi?", na hapo hapo akaagiza antibayotiki za kupitia mshipani, sindano yenyewe ikachomwa mkono wa kulia. Alilazwa siku tatu. Uambukizo huo wa ngozi ndio adui mkubwa wa mkono wenye limfedema, kwa sababu tezi zilizokuwa zikilinda hazipo, na kila ukija huharibu mishipa ya limfu zaidi, nao uvimbe ukiongezeka huukaribisha tena. Ukimwona mgonjwa wa hivi ana homa na mkono umekuwa mwekundu, usisubiri kesho.

Aliyetusaidia baada ya hapo hakuwa daktari. Ni babu anayeuza makaa nyuma ya msikiti, mtu wa Msambweni, ambaye mguu wake wa kulia una matende tangu ujana wake. Alikuja kutoa pole. Mama alimwamkia, akaitikia marahaba, akaketi kwenye kiti cha wateja, akauangalia mkono muda mrefu bila haya yoyote.

"Unauosha vipi, mwanangu?"

Hakuna mtu aliyekuwa ameuliza hivyo. Madaktari, mkandaji, shangazi, hata mimi niliyekuwa nimesoma usiku kucha.

"Kama ninavyoosha mwingine, Babu."

"Basi huuoshi."

Akatuonyesha kwa mguu wake. Maji safi na sabuni isiyo kali, kila siku, jioni. Kupita kila kikunjo, kila katikati ya vidole, bila kusugua. Kisha kukausha kwa kubonyeza kwa kitambaa laini, na katikati ya vidole kukauka kweli kweli, maana unyevu huzaa fangasi, fangasi hupasua ngozi, na ufa mdogo unatosha. Baadaye mafuta yasiyo na manukato. Mguu kuinuliwa wakati wa kulala. Kifundo cha mguu kuchezeshwa, juu chini, hata ukiwa umekaa dukani. Alifundishwa hayo na muuguzi miaka mingi nyuma, wakati wa kampeni za matende. Serikali ilianza kugawa vidonge Kilifi mwaka 2002, baadaye ikaingia Kwale, na yeye anaikumbuka foleni ya vidonge kuliko anavyokumbuka uchaguzi. Vidonge vinaua watoto wa minyoo walio kwenye damu ili mbu asiwapeleke kwa mwingine, lakini mguu uliokwisha kuharibika havirudishi. Mguu ni wa kuoshwa. Zamani, alisema, homa ya matende ilikuwa ikimlaza kila baada ya wiki chache. Sasa unaweza kupita mwaka.

Niliandika kila alichosema. Usiku nikalinganisha na miongozo ya limfedema ya hospitali za Uingereza na Marekani. Ngozi: ni yale yale. Kuinua: ni yale yale. Mazoezi: ni yale yale. Minyoo ya matende, inayoletwa na mbu, hukaa ndani ya mishipa ya limfu na kuiharibu kwa miaka. Kisu na mionzi huiharibu kwa njia nyingine. Mtaro umezibwa na watu wawili tofauti, mafuriko ni yale yale.

Halafu nikamkuta Halsted. William Halsted alikuwa mpasuaji wa hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, Marekani, na mwishoni mwa karne ya 19 alisifika kwa upasuaji wa kuondoa titi lote, misuli ya kifua na tezi za kwapani kwa pamoja, njia iliyofuatwa dunia nzima kwa miongo mingi. Mwaka 1921 aliandika makala kuhusu kuvimba kwa mikono ya wanawake aliowapasua yeye na wenzake, akaupa uvimbe huo jina la Kilatini: elephantiasis chirurgica. Matende ya upasuaji. Nilicheka peke yangu saa saba za usiku. Yule mteja wa dera alikuwa amesema yaleyale aliyosema profesa wa Baltimore miaka mia moja kabla yake, tofauti ni kwamba profesa alijua chanzo.

Asubuhi nilimwambia Mama. Alinisikiliza akitia uzi kwenye cherehani. "Kwa hiyo ni matende," akasema.

"Ni matende ya upasuaji. Si ya mbu."

"Haya. Sasa nitajua la kuwajibu." Na ndivyo anavyowajibu hadi leo, bila kupunguza sauti: ni matende ya kisu, hayaambukizi, mlete kitambaa.

Aprili mwaka huo tulimpata mtaalamu wa viungo, dada mdogo kiumri, aliyesomea hasa limfedema. Alifanya kazi ng'ambo ya feri, kwa hiyo wiki mbili nzima tulivuka kila asubuhi, mimi nikitembea upande wa kushoto wa Mama ili msukumano wa abiria unipige mimi. Siku ya kwanza alitaka kupima mikono yote miwili. Kabla hajafungua droo, Mama alishavuta futi yake shingoni. Walipima kifundo, kiganja, na kila sentimita 10 kupanda juu, Mama akisahihisha namna dada yule alivyoshika futi. Pale mkono ulipokuwa mnene zaidi, chini ya kiwiko, tofauti kati ya kushoto na kulia ilikuwa sentimita 6.5. Madaktari wengi huanza kuhesabu kuwa ni tatizo tofauti ikifika sentimita 2.

Tiba yenyewe ilikuwa bandeji. Kila kidole na kitambaa chake, kisha pamba laini, kisha sponji penye mabonde, kisha bandeji ndefu kutoka kiganjani hadi kwapani, zikibana zaidi chini na kulegea kadiri zinavyopanda. Si bandeji zile za mpira za duka la dawa. Zile huvutika sana na kubana hata ukiwa umelala. Hizi huvutika kidogo tu, zinakaa kama ukuta: misuli ikikaza, inajigonga kwenye ukuta, na maji yanasukumwa. Ukazifunga ukakaa kimya, umefanya nusu ya kazi. Ilikuwa joto la Aprili la Mombasa, usiku na mchana, na maneno aliyoyasema Mama kuhusu bandeji hizo sitayaandika. Baada ya wiki mbili tofauti ilikuwa sentimita 3.5.

Mimi nilifundishwa mkono wa kukanda, ingawa kukanda si neno lake. Uliasisiwa na mtu na mkewe wa Denmark, Emil na Estrid Vodder, waliokuwa wakifanya kazi kusini mwa Ufaransa miaka ya 1930. Unaivuta ngozi tu, taratibu, kana kwamba chini yake kuna mtoto aliyelala. Ukihisi misuli, umebonyeza mno. Na hauanzi kwenye mkono. Unaanza shingoni, kisha kwapa la upande mzima, kisha unavuka kifua kuelekea huko, mkono unaufikia mwisho, tena kuanzia juu, kwa sababu hakuna maana ya kuwaambia watu watoke kabla hujafungua mlango.

Kuvuka kifua. Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Nilikuwa nimempeleka Mama kila mahali, nimemshikia beseni akitapika, nimemnyoa nywele zilizobaki, lakini kovu sikuwahi kuliona. Alikuwa anaoga na mlango umefungwa, anavaa ndani ya kanga. Usiku wa kwanza alimtuma mdogo wangu dukani kununua kitu ambacho tulikuwa nacho, akafunga mlango kwa komeo, akalala chali, akageuza uso ukutani. Kanga akaifungua mwenyewe. Kovu ni refu kuliko nilivyodhani, limepinda kuelekea kwapani, na ngozi iliyopigwa mionzi ni nyeusi zaidi na ngumu, kama kitambaa kilichopigwa pasi ya moto mno. Niliweka mikono pale nilipofundishwa. Tulikaa kimya. Halafu akaanza kuhadithia, uso bado ukutani, habari za bibi yake wa Diani ambaye sikuwahi kumsikia, aliyekuwa na mbuzi asiyekubali kukamuliwa na mtu mwingine. Sasa ni kila usiku, nusu saa. Nimezijua hadithi nyingi. Baadhi zinahusu babangu na hizo pia sitaziandika.

Kwa haki niseme: tafiti zinaonyesha kwamba kazi kubwa hufanywa na mbano, yaani bandeji na soksi ya mkono, na kwamba faida ya ziada ya mkono wa Vodder ni ndogo. Nilimwambia Mama hivyo mara moja, nikitafuta usiku mmoja wa kumaliza kazi ya mteja. Akanitazama, akalala chali, akageuza uso ukutani.

Soksi ya mkono ndiyo iliyoila bangili. Bandeji zikishapunguza uvimbe, soksi ndiyo huuzuia usirudi, huvaliwa mchana kutwa, na inatakiwa uwe nazo mbili, moja ikifuliwa nyingine imevaliwa, na baada ya miezi sita hivi zinalegea unanunua nyingine. Bima yetu haikulipa. Moja tuliuziwa shilingi 6,500. Mama alienda kwa sonara yule yule bila kutuambia, akarudi na pesa. Soksi ilipofika aliigeuza ndani nje, akaivuta huku na huku karibu na taa, akitafuta mshono. Alidhani ataigiza. Baada ya dakika kumi akaiweka chini. Kitambaa kinabana zaidi kifundoni na kupungua taratibu hadi juu, na kiasi cha kubana kimepimwa. "Hii si ya fundi," alisema. "Hii ni hesabu." Ila pindo la juu lilikuwa likimkata, akalirekebisha.

Kilichobaki ni ugomvi wetu wa kazi. Muuguzi mmoja kliniki alimwambia asiutumie mkono ule kwa lolote. Asibebe, asifue, asishone. Mama akamuuliza kama atakuwa anamtumia pesa za chakula. Na mimi, niliyekuwa naogopa, nilikuwa upande wa muuguzi, hadi niliposoma habari za Vancouver. Mwaka 1996 daktari wa michezo, Don McKenzie, aliwachukua wanawake 24 waliowahi kuugua saratani ya titi akawapandisha kwenye mashua ndefu za makasia, wakati ambapo ushauri wa kawaida ulikuwa usitumie nguvu mkono huo. Walipiga makasia msimu mzima. Hakuna aliyepata uvimbe mpya. Mwaka 2009 Kathryn Schmitz na wenzake wa Marekani wakachapisha utafiti wa wanawake 141 waliokuwa tayari na limfedema, nusu yao wakinyanyua vyuma mara mbili kwa wiki, wakianza na uzito mdogo na kuongeza polepole. Mikono yao haikuvimba zaidi ya ya wenzao, na vipindi vya kuzidiwa vilikuwa vichache.

Nilimsomea yote hayo kwa Kiswahili. "Yaani," akasema, "walipanda mashua ndipo wakajua mwanamke anafanya kazi?"

Lakini neno polepole nililirudia mara tatu. Akaanza na chupa ya maji ya nusu lita, akiinyanyua mara kumi akisubiri pasi ipate moto. Subana anavaa sasa, ile kofia ya chuma ya kidole aliyokuwa akiidharau miaka yote. Akifua anavaa glavu. Kila nusu saa ananyoosha mkono juu na kukunja ngumi mara ishirini, na wateja wamezoea, wengine huhesabu naye. Babu wa makaa hupita akamuuliza mkono umeamkaje, naye humuuliza mguu umeamkaje.

Wiki iliyopita alikubali kushona sare za shule, magauni 40, kwa ajili ya Januari. Hakuniuliza. Nilimwambia tuchukue 20, akasema karo ya mdogo wangu si nusu. Tumefika mahali: mimi nakata na kuunganisha mabega, yeye anafanya kola na pindo, saa kumi anasimama atake asitake, na kila Jumanne tunapima. Jumanne hii, chini ya kiwiko, tofauti ni sentimita 3. Magauni yaliyokwisha ni 11.